Usiku mimi ni kapteni, mchana sina kazi

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26. Nilisomea uhasibu, nikamaliza, na kwa bahati nikapata mkataba wa mwaka mmoja katika ofisi moja. Kazi yangu ilikuwa kupanga hati za malipo na kuoanisha vitabu vyetu na taarifa za benki. Wengine huiona kazi hiyo inachosha. Mimi nilikuwa nafurahi kila hesabu zilipokubaliana. Mkataba ulipokwisha niliambiwa bajeti imebana, nikaagwa vizuri, na mkuu wangu akaahidi kunikumbuka nafasi ikitokea. Huu ni mwaka wa pili sasa.

Tangu hapo naishi kwa dada yangu mkubwa, pamoja na mume wake na watoto wao wawili. Nalala sebuleni. Mchana natuma maombi ya kazi, au niseme nilikuwa natuma. Mwanzoni haikupita siku bila kutuma. Kampuni nyingi hazijibu kabisa, na zinazojibu hutumia maneno yale yale, kwamba waombaji walikuwa wengi na wananitakia kila la heri. Siku hizi nikiona barua pepe mpya imeingia kwenye simu, tumbo linanisokota. Zipo ambazo sijazifungua mpaka leo. Najua huenda moja inaniita kwenye usaili. Hata hivyo sifungui.

Usiku ni habari nyingine. Nacheza gemu la timu mtandaoni, watano kwa watano, na mimi ndiye kapteni wa timu yetu. Wenzangu wanne wako nchi mbalimbali na hakuna niliyewahi kuonana naye ana kwa ana. Tunaanza mazoezi saa nne, watoto wakishalala, na mara nyingi tunamaliza saa tisa. Mimi ndiye ninayepanga ratiba, na si kazi ndogo kwa sababu saa zetu hazilingani. Kila mechi naiwekea jedwali: nani alifanya nini, tulipoteza wapi, mpinzani anapenda kuanza vipi. Wawili wakikorofishana, mimi ndiye msuluhishi. Tumepanda daraja, na msimu mpya wa ligi unaanza mwezi ujao.

Hao wenzangu wanadhani nina kazi. Tulipofahamiana nilikuwa bado na mkataba, nikawaambia mimi ni mhasibu, na mkataba ulipokwisha sikusema kitu. Huwa wananitania usiku ukiwa mkubwa, "Kapteni, kesho ofisini utasinzia," nami nacheka tu. Nyumbani nako hawajui kwamba mimi ni kapteni wa chochote. Wanachokiona ni mtu mzima aliyejiziba masikio kwa hedifoni, anaongea peke yake mbele ya kioo saa nane za usiku.

Nilipokuwa kazini nilikuwa nacheza Jumamosi tu, na sikuona shida.

Usaili wa mwisho niliohudhuria, mama mmoja mpole aliniuliza, "Tangu mkataba wako uishe, umekuwa ukifanya nini?" Nikajibu, "Nimekuwa nikijiendeleza." Akasubiri niendelee. Sikuwa na la kuendeleza. Akaandika kitu kwenye karatasi, tukahamia swali jingine, na mpaka leo sijasikia neno.

Sasa dada amechoka. Juzi aliniambia, "Uza hiyo kompyuta. Siku ukiiuza ndipo nitajua umeamua kutafuta maisha." Kompyuta hiyo niliinunua kwa mshahara wangu, na ndiyo hiyo hiyo ninayoandikia maombi ya kazi. Shemeji hasemi lolote, na kimya chake kinaniuma kuliko maneno ya dada. Wiki hiyo hiyo dada akanitafutia kazi kwa mtu anayefahamiana naye: karani wa stoo ya vipuri vya magari. Kuingia saa moja asubuhi, siku sita kwa wiki, mshahara mdogo. Wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Nikiikubali, naogopa nitasahaulika humo na uhasibu wangu utafia stoo. Tena nitakuwa nimewaangusha wenzangu mwanzoni kabisa mwa msimu. Nikiikataa, sijui nitamtazama vipi dada. Rafiki yangu mmoja anasema niache hayo yote, nicheze mbele ya kamera watu waniangalie, kwa kuwa wapo wanaoishi kwa kazi hiyo. Na nilisoma mahali kwamba Shirika la Afya Duniani limeamua kucheza gemu ni ugonjwa. Je, mimi ni mgonjwa, Shangazi? Nauliza kwa sababu siku hizi hata tukishinda sisikii chochote. Nazima kompyuta, najilaza, nasubiri kuche.

Kapteni Asiye na Kazi

———

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kama u mgonjwa, kama uuze kompyuta na kama uichukue kazi ya stoo. Umegusia pia kamera. Nitayapitia yote, lakini kuna mambo mawili uliyoyataja kama vile unapita tu, nami ndiyo yaliyonishika zaidi: barua pepe zisizofunguliwa, na ushindi usiosikia ladha yake.

Nianze na ugonjwa, kwa kuwa hapo kuna maandishi ya kushika. Ulichosoma ni kweli nusu. Mwaka 2019 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha toleo la 11 la orodha ya kimataifa ya magonjwa, likaanza kutumika Januari 2022, na ndani yake limo tatizo la uchezaji gemu. Lakini kucheza sana peke yake hakutoshi mtu kuitwa mgonjwa. Kinachotazamwa ni kama ameshindwa kujitawala katika kuanza na kuacha, kama gemu limetangulia mbele ya mambo yake mengine yote, na kama anaendelea au anazidisha ingawa anaona madhara. Tena hali hiyo iwe imeharibu kweli familia, masomo au kazi, na kwa kawaida iwe imedumu angalau miezi 12. Hata hivyo wapo watafiti waliopinga tangu mwanzo, wakihofia kwamba mtu atabandikwa jina la ugonjwa wa gemu wakati kinachomsumbua kiko pengine.

Mimi siwezi kukupima kwa barua, na ukiona dalili hizo ni zako, mtu wa kukusikiliza ni daktari au mshauri wa afya ya akili, uso kwa uso. Ninachoweza ni kukurudishia maneno yako mwenyewe. Umeandika kwamba ulipokuwa na kazi ulikuwa unacheza Jumamosi tu. Sentensi hiyo umeiweka peke yake, kana kwamba haina uzito. Mimi naiona nzito sana. Dada yako anasema gemu ndilo linalokuzuia kupata kazi, na naona wewe umeanza kumwamini. Mbona kwa mpangilio wa barua yako kazi ndiyo iliyoondoka kwanza, na gemu likafuata kujaza nafasi? Sisemi leo halichangii. Mtu anayelala saa tisa hawezi kuwa na asubuhi ya maana. Ila kilichoanza na kinachoendeleza si lazima viwe kitu kimoja.

Acha nikupe kisa cha zamani. Huko Austria kulikuwa na kijiji kiitwacho Marienthal kilichoishi kwa kiwanda kimoja cha nguo. Mdororo mkubwa wa uchumi ulipoingia, kiwanda kikafungwa, karibu kijiji kizima kikakosa kazi. Mtafiti Marie Jahoda na wenzake, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walikwenda kuchunguza watu wale wanaishije, na kitabu chao kikatoka mwaka 1933. Ungedhani watu wenye muda tele watasoma zaidi. Vitabu vilivyoazimwa katika maktaba ya kijiji vilipungua karibu nusu kati ya 1929 na 1931. Watafiti waliketi hata dirishani wakapima mwendo wa wapita njia, wakaona wanaume wanajikokota kuliko wanawake, ambao bado walikuwa na nyumba za kuendesha. Baadaye Jahoda alieleza kwamba kazi, mbali na mshahara, humgawia mtu saa za siku, humkutanisha na watu wasio wa familia yake, humpa lengo analoshirikiana na wenzake, humpa hadhi, na humlazimisha kuamka afanye kitu.

Sasa soma tena barua yako. Saa nne mazoezi, ratiba unapanga wewe. Watu wanne wasio ndugu zako. Ligi ya kupanda. Cheo. Mwanangu, ulipokosa kazi ulijijengea nyingine usiku, yenye kila kitu isipokuwa mshahara na mchana. Nimekutana na wazazi wengi wanaosema vijana wao ni wavivu kwa sababu ya magemu, na mara nyingi nawauliza wamewahi kukaa nao dakika kumi waone wanachofanya mle. Jedwali la kila mechi si kazi ya mvivu.

Na kuna jambo moja ambalo gemu linakupa na utafutaji kazi haukupi hata siku moja: jibu. Ukikosea kwenye mechi, ndani ya dakika umeshajua umekosea wapi. Ukituma ombi la kazi hujui kama limesomwa, kama wasifu ulikuwa mbaya, au kama nafasi ilikuwa na mwenyewe kabla haijatangazwa. Akili ya mtu hukimbilia mahali inapojibiwa. Hilo silioni kuwa udhaifu wa tabia. Halafu ukumbuke kwamba mengi ya magemu ya siku hizi yametengenezwa na watu wenye ujuzi ili usiondoke, kwa zawadi za kila siku na misimu inayokwisha ukiwa hujamaliza. Hukuniambia kama kuna fedha unazotumia humo ndani. Kama zipo, ziandike mahali uzione.

Lakini nisikupambe kupita kiasi. Hatari ya kazi hii ya usiku ni kwamba inakushibisha kiasi cha kutosha ili mchana usikuume sana, na mchana ukiacha kuuma huna haraka nao. Hatari ya pili ni upweke, ingawa unazungukwa na watu. Wenzako wa timu wanamjua kapteni mwenye ofisi. Nyumbani wanamjua mtu anayenong'ona gizani. Hakuna hata mmoja, upande wowote, anayemjua kijana wa miaka 26 aliyekosa kazi, anayeogopa barua pepe na anayeongoza timu. Pande zote mbili umeficha, tena vitu visivyo vya aibu. Ndiyo sababu nilishtuka uliposema hata mkishinda husikii kitu. Kama hali hiyo imekaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, na mambo mengine uliyoyapenda nayo yamepoa, hiyo inaweza kuwa sonona, yaani ugonjwa wa kukosa raha ya maisha, nayo inatibika. Hapo kuuza kompyuta hakutasaidia, pengine kutazidisha. Na siku ukijikuta unawaza kwamba afadhali usiwepo, usisubiri kuniandikia mimi. Mwamshe dada yako usiku huo huo.

Kuhusu kompyuta, sitakuambia uza wala usiuze. Nikuulize tu: unadhani dada yako anataka kompyuta iondoke, au anataka kuona dalili yoyote kwamba kuna kitu kinasogea? Mtu anayelisha nyumba, akipita sebuleni alfajiri akukute umelala ndiyo kwanza, haoni ratiba wala jedwali. Ukiiuza, atapata dalili yake, na wewe utapata usiku mtulivu. Ila utapoteza chombo cha kuandikia maombi, na utawapoteza watu wanne ghafla, wakati kimya cha waajiri kipo pale pale na simu yako bado ina magemu. Ukiibakiza bila kubadilisha chochote, utakuwa umemjibu dada bila kufungua mdomo, naye atasikia. Kati ya hayo mawili kuna njia nyingine: kuihamisha toka sebuleni, kuirudisha kwenye Jumamosi yake ya zamani, kumkabidhi mtu waya usiku. Njia za katikati zina ubaya wao, huhitaji uaminifu wa kila siku, na ule wa kuuza unahitajika mara moja tu. Unajijua kuliko ninavyokujua.

Nije kwenye stoo, ambako nadhani kuna dhana ya kuitikisa kidogo. Umesema uhasibu wako utafia humo. Wewe ni mhasibu, fikiri kihasibu. Kwa biashara ya vipuri, bidhaa zilizo stoo ni mali kubwa kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni. Thamani yake ikikosewa, faida inakosewa. Kama wanahesabu kwa kanuni ya kwanza kuingia kwanza kutoka, au kwa wastani wa gharama, matokeo yatatofautiana bei zikipanda. Wakaguzi wa hesabu mali ikiwa nyingi huja kushuhudia kuhesabiwa kwake, kwa sababu stoo ndiko vitu vinakopotelea. Wahasibu wengi wachanga wameyasoma haya na hawajawahi kuona rafu yenye vipuri kumi vilivyoandikwa kumi na viwili. Wewe ungeviona, na kwa jinsi ulivyosema unavyofurahi hesabu zikikubaliana, sidhani ungevipita.

Hata hivyo hofu yako ina msingi. Siku sita kwa wiki zinaacha siku moja ya usaili, na usaili haufanyiki siku hiyo. Mshahara mdogo ukizoeleka, mtu huanza kujipima nao. Wapo waliokwenda "kwa muda" na muda ukawa miaka. Kwa hiyo usiulize tu kama ni kazi nzuri au mbaya. Uliza ina mlango wa kutokea au haina.

Kuhusu saa, dada yako angekuambia mshika mbili moja humponyoka, na kwa upande wa usingizi hana kosa. Kulala saa tisa na kuingia kazini saa moja kutakushinda ndani ya muda mfupi, na kitakachoanguka kwanza pengine ni kazi. Ukiichukua kazi, ukapteni wa usiku wa manane hauwezi kubaki ulivyo. Lakini timu ina watu watano. Kuna asiyeweza kupanga ratiba? Kuna wa kumfundisha lile jedwali? Kukabidhi madaraka kabla ya msimu si kuwaangusha. Kuwaangusha ni kutoweka katikati yake. Na hapo ungelazimika kuwaambia kwa nini, yaani kuwaambia ukweli kuhusu kazi. Naona unaogopa watakuona mdogo. Huenda mmoja atakuona hivyo. Mimi ningeshangaa kama kati ya wanne hao hayupo mwingine aliyewahi kukaa bila kazi akaficha.

Rafiki yako wa kamera ana nia njema. Wapo wanaoishi kwa kucheza hadharani, ni kweli. Takwimu za mapato za Twitch, jukwaa la mtandaoni ambako watu hucheza wakitazamwa, zilipovuja Oktoba 2021, zilionyesha fedha nyingi zimekusanyika kwa wachache walio juu kabisa. Hata walioajiriwa na kampuni zinazotengeneza magemu hawajapona: Januari 2024 Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 katika upande wake wa magemu, miezi michache baada ya kuinunua kampuni ya magemu ya Activision Blizzard. Unaweza kujaribu kamera bila kuacha kitu kingine, ukajiwekea muda wa kujaribu. Ila niruhusu niseme nilichokiona: katika barua nzima hukusema hata mara moja kwamba wewe ni mchezaji hodari. Ulichokieleza kwa fahari ni ratiba, jedwali na usuluhishi. Kipaji chako kimejitaja chenyewe, na sidhani kinahitaji kamera.

Hilo linanirudisha kwa yule mama wa usaili. "Nimekuwa nikijiendeleza" lilikuwa jibu tupu, naye alilisubiri lijae. Je, ungesema ukweli? Wapo wasaili ambao wakisikia neno gemu wanafunga faili hapo hapo, na huwezi kujua umekaa mbele ya nani. Wapo pia watakaouliza zaidi. Kuna namna ya kuitaja kazi yenyewe kwanza: kwamba umeratibu kikundi cha watu watano walio nchi tofauti, unatunza takwimu zao na kuzitumia kufanya maamuzi. Ukiulizwa ni kikundi cha nini, jibu bila kujikunja. Usilikuze, usiliite kampuni wala mradi. Tengeneza pia nakala ya lile jedwali unayoweza kumwonyesha mtu. Na kama unataka mwaka huu uwe na kitu kingine cha kutaja, kuna vikundi vidogo na biashara za jirani zenye vitabu vilivyovurugika ambazo zingefurahi mtu mmoja azipangie, hata kwa malipo madogo.

Barua pepe hizo, mwanangu, ningetamani zifunguliwe kabla ya uamuzi mwingine wowote, kwa sababu unaamua kuhusu stoo bila kujua kilichomo ndani yake. Usizifungue peke yako. Mtafute mtu akae pembeni yako, azisome yeye kwanza, akuambie tu ipi inahitaji kujibiwa. Nimemfikiria shemeji yako. Umekihesabu kimya chake kuwa hukumu, lakini hujaniambia amewahi kusema neno baya hata moja. Wapo watu hunyamaza kwa kuchukia, na wapo hunyamaza kwa sababu ni shemeji na hawajui kama wana haki ya kusema. Unaweza kumjaribu kwa ombi hili dogo. Akikataa, utakuwa umepoteza dakika tano.

Kwa mtu wa stoo, nenda umwone mwenyewe kabla mwezi haujaisha, usimtume dada. Muulize mkataba ni wa muda gani na una kipindi cha majaribio au hauna. Muulize mali inahesabiwa mara ngapi, nani anaoanisha hesabu za stoo na za ofisini, na kama karani anaweza kusaidia hapo. Muulize mtu akiwa na dharura ya asubuhi moja wanafanyaje. Namna atakavyojibu itakueleza mengi kuliko mshahara wenyewe. Na ukirudi nyumbani, kabla hamjazungumza tena habari ya kuuza, muulize dada yako: kompyuta ikiondoka kesho, ungependa kuona nini kwangu kesho kutwa yake?